Kabla Hujapandisha Tanki la Maji: Jinsi Boriti Inavyobeba Mzigo na Inavyonepa

Wiki hii mbolea na viuatilifu naviweka pembeni kidogo. Nataka tuongelee mbao. Najua mtu atasema, "Bwana shamba naye ameanza ufundi?" Subiri kwanza. Karibu kila kijana ninayemtembelea siku hizi ana kichanja cha tanki, ana banda la mbuzi la kuinuliwa, au ana mpango wa kujenga ghala. Vyote hivyo vinasimama juu ya boriti. Boriti ikikatika, hasara inarudi shambani kwako, siyo kwa fundi.

Nina sababu yangu pia ya kuandika somo hili, na ni afadhali niieleze mapema.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni kazini, kuna binti mmoja alianza kulima nyanya chotara kwa umwagiliaji wa matone. Eneo lake lilikuwa dogo, robo ekari hivi, lakini alikuwa makini kuliko wengi. Alinunua tanki la plastiki la lita 2,000 kwa fedha ya mkopo wa kikundi. Mimi ndiye nilimchorea kichanja kwenye karatasi ya daftari: nguzo nne za mkaratusi, boriti mbili kubwa juu ya nguzo, halafu mbao sita za kupokea tanki. Niliandika tu "2x6". Sikuandika mbao ilale vipi.

Fundi alizisimamisha vizuri zile mbao sita za juu. Lakini zile boriti mbili kubwa alizilaza bapa, kwa sababu zikilala zinakaa vizuri juu ya nguzo na misumari inashika kirahisi. Nilipita kuangalia, nikatikisa nguzo, nikaona haziyumbi, nikasema safi.

Siku ya kwanza tanki lilipojaa, yule binti alinipigia simu. "Shikamoo bwana shamba. Boriti ya upande wa barabarani imenepa kama vidole viwili. Ni kawaida?" Nikamjibu, "Marahaba. Mbao huwa inanepa kidogo mdogo wangu, usiwe na hofu."

Wiki ya tatu, usiku, boriti ilikatika. Tanki lilishuka na kupasuka, na nguzo moja ikang'oka. Asubuhi nilikuta ndoo ya mdogo wake imebanwa chini ya mbao, bapa kama sahani. Mtoto huyo alikuwa na kawaida ya kuchota maji pale pale chini kila jioni. Mungu alisaidia kwamba ilikuwa usiku.

Nyanya zilikuwa kwenye maua na matunda machanga. Kwa siku kadhaa walimwagilia kwa ndoo, leo maji mengi, kesho hakuna. Mnajua matokeo ya maji yasiyo na mpangilio kwenye nyanya: maua yalipukutika, na matunda mengi yaliyobaki yakaoza kitako. Nililipia nusu ya tanki jipya. Hakuniomba, na hakuna siku alinilaumu kwa mdomo. Ila swali lake la simu bado nalisikia, maana jibu sahihi lilikuwepo, mimi ndiye sikulijua.

Somo la leo ndilo jibu hilo.

1. Ndani ya boriti kunatokea nini?

Chukua muwa, uweke gotini, uuvunje taratibu. Angalia vizuri kabla haujakatika. Upande ulio mbali na goti unaanza kufunguka, nyuzi zinavutwa hadi zinaachana. Upande unaogusa goti unabanwa na kukunjamana. Muwa ni mmoja, mkono ni mmoja, lakini pande mbili zinapata mateso tofauti.

Boriti iliyolala juu ya nguzo mbili na kubebeshwa mzigo iko hivyo hivyo. Inanepa kuelekea chini. Ikinepa, upande wa juu unafupika kidogo, yaani unabanwa. Upande wa chini unarefuka kidogo, yaani unavutwa. Kati ya pande hizo mbili kuna mstari ambao haubanwi wala hauvutwi. Mimi nauita mstari tulivu. Kwenye mbao ya kawaida uko katikati ya kimo chake.

Kama huamini, kata kipande cha sponji ya godoro, urefu wa mkono hivi. Chora mistari ya wima ubavuni kwa kalamu, kisha ukikunje. Utaona mistari inasogeleana juu na kuachana chini, na katikati umbali haubadiliki. Nimeifanya hii darasani kwa vikundi vingi, na hata mzee asiyependa hesabu anaelewa papo hapo.

Sasa basi, shika jambo moja: nyuzi zilizo mbali na mstari tulivu ndizo zinazofanya kazi kubwa. Zilizo karibu nao zinapumzika tu. Kwa hiyo ukitaka boriti iwe na nguvu, weka mbao nyingi mbali na katikati, juu na chini. Ndiyo maana vyuma vya madaraja vina umbo la herufi I: nyama nyingi iko juu na chini, katikati ni ukuta mwembamba.

2. Kusimama kwa ubavu au kulala bapa

Hapa ndipo nilipokosea mimi.

Chukua rula ya shule ya plastiki. Ilaze bapa kati ya vitabu viwili na uibonyeze kwa kidole. Inanepa bila shida. Isimamishe kwa ubavu, bonyeza tena. Haisogei. Plastiki ni ile ile na uzito ni ule ule. Kilichobadilika ni kimo.

Kanuni iko hivi: uimara wa boriti unafuata upana mara kimo mara kimo. Kimo kinahesabiwa mara mbili. Ukakamavu, yaani ubishi wa kunepa, unafuata upana mara kimo mara kimo mara kimo. Kimo kinahesabiwa mara tatu.

Kwa mbao ya 2x6, ukiisimamisha kwa ubavu badala ya kuilaza:

- uimara unaongezeka mara 3;
- ukakamavu unaongezeka mara 9.

Hujanunua mbao nyingine. Umegeuza tu ile ile. Nami nilimwacha fundi akatupa theluthi mbili za uimara kwa sababu ya misumari.

Jambo hili si geni. Mwaka 1638 Mtaliano Galileo Galilei alichapisha kitabu ambacho ndani yake alieleza kwa nini rula iliyosimama kwa ubavu hubeba zaidi kuliko iliyolala. Kuhusu mahali pa mstari tulivu alikosea, na wengine wakaja kusahihisha baadaye. Lakini kwamba kimo ndicho chenye nguvu, hilo alilipata.

Mbao iliyosimama ina udhaifu wake: inaweza kupinduka kwa ubavu. Kwa hiyo ikishasimama, ifunge. Piga vipande vya mbao kati ya boriti na boriti, mwanzoni na mwishoni, ili zisilale kama domino.

3. Urefu kati ya nguzo na nguzo

Kina mama wanaobeba maji kwa mzega wanalijua hili kuliko mhandisi yeyote. Ukiwa na mti mrefu, ndoo zile zile zinaunepesha sana. Ukiufupisha, unatulia.

Kwa mzigo ule ule, ukiongeza urefu kati ya nguzo mara mbili, nguvu ya kupinda inaongezeka mara mbili. Lakini kunepa kunaongezeka mara nane. Na kama mzigo unaongezeka pamoja na urefu, mfano magunia yaliyopangwa sakafuni kuanzia nguzo hadi nguzo, basi nguvu ya kupinda inakuwa mara nne na kunepa mara kumi na sita.

Ndiyo maana nguzo moja ya katikati ni dawa kubwa kuliko mbao nene. Ukiwa na wasiwasi na boriti, usikimbilie dukani kwanza. Jiulize, naweza kuongeza nguzo?

Mahali mzigo unapokaa nako kuna maneno yake. Mzigo uliowekwa wote katikati ya boriti unaipinda mara mbili ya mzigo ule ule uliosambazwa sawasawa. Kwa hiyo ghalani, gunia la kwanza liweke karibu na nguzo. Usianze kulundika katikati ya sakafu kwa sababu tu ndipo mlango ulipo.

4. Tupige hesabu ya kichanja cha lita 2,000

Usiogope, ni kuzidisha na kugawanya tu. Chukua simu yako.

*Uzito.* Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 2,000 ni kilo 2,000, yaani tani mbili. Weka tanki lenyewe na mbao za juu, tufanye kilo 2,100. Watu wengi wanaliona tanki tupu linabebwa na vijana wawili wakadhani ni jepesi. Likijaa linakuwa na uzito wa gari la abiria na zaidi.

*Njia ya mzigo.* Fuata uzito unapopita: maji, sakafu, mbao za kupokea, boriti mama, nguzo, ardhi. Kila mmoja anampokea aliye juu yake. Mnyororo hukatikia kwenye pete dhaifu, kwa hiyo kila pete ipigiwe hesabu yake.

*Kanuni tatu za mfukoni:*

1. Nguvu ya kupinda, kama mzigo umesambaa = uzito (kilo) × urefu kati ya nguzo (sentimita) ÷ 8. Kama mzigo wote uko katikati, gawanya kwa 4.
2. Namba ya umbo = upana × kimo × kimo ÷ 6, vyote kwa sentimita.
3. Mkazo = jibu la kwanza ÷ jibu la pili. Unapata kilo kwa kila sentimita ya mraba.

Kwa mbao laini ya paini inayouzwa mtaani, ambayo hakuna aliyeipima ubora, mimi sivuki mkazo wa 50. Mbao nzuri kavu haikatiki kwenye 50, inaweza kufika mbali zaidi ya hapo. Lakini kuna vifundo, kuna unyevu, kuna miaka. Hiyo nafasi inayobaki ndiyo bima yako.

*Mbao za kupokea tanki.* Tuseme nguzo ziko umbali wa sentimita 150. Mbao ziko sita, za 2x6, zimesimama kwa ubavu. Kila moja inapata wastani wa kilo 350.

Nguvu ya kupinda: 350 × 150 ÷ 8 = 6,562.
Namba ya umbo: 5 × 15 × 15 ÷ 6 = 187.5.
Mkazo: 6,562 ÷ 187.5 = 35.

Tanki ni la duara, kwa hiyo mbao za kati zinapata zaidi ya wastani na za pembeni zinapata pungufu. Ukiziongezea za kati robo, unafika 44. Bado tuko chini ya 50. Pete hii ni nzima.

*Boriti mama.* Ziko mbili, kila moja inapokea nusu ya mzigo, kilo 1,050.

Nguvu ya kupinda: 1,050 × 150 ÷ 8 = 19,687.

Sasa linganisha:

- Imelazwa bapa (namba ya umbo 62.5): mkazo 315.
- Imesimama kwa ubavu, moja (187.5): mkazo 105.
- Zimesimama mbili zilizofungwa pamoja (375): mkazo 52.5, juu kidogo ya mpaka.
- Imesimama moja, na nguzo ya katikati imeongezwa: 525 × 75 ÷ 8 = 4,922, gawanya kwa 187.5, mkazo 26.

Angalia hiyo 315. Ndiyo boriti ya yule binti, mara sita na zaidi ya mpaka wangu. Haikushangaza kwamba ilikatika. Cha kushangaza ni kwamba ilivumilia karibu wiki tatu. Na angalia kwamba hata ingesimamishwa kwa ubavu, peke yake isingefika kwenye usalama. Mchoro wangu wenyewe ulikuwa na kasoro, fundi aliongezea tu. Kilichotakiwa ni nguzo sita badala ya nne.

*Mbao ya dukani.* Ukiambiwa 2x6, toa tepu upime. Mara nyingi utakuta 4.5 kwa 14. Namba ya umbo inashuka kutoka 187.5 hadi 147, yaani umepoteza zaidi ya moja ya tano kabla hujapiga msumari. Piga hesabu kwa kipimo cha tepu, siyo kwa jina la mbao.

5. Kunepa ni ujumbe, usome

Boriti yoyote inanepa, hata ya chuma. Swali ni kiasi gani, na kama kunaendelea.

Mimi natumia kipimo hiki: chukua urefu kati ya nguzo, gawanya kwa 300. Kwa sentimita 150 unapata nusu sentimita, milimita 5. Boriti ile ikisimama kwa ubavu, hata bila nguzo ya katikati, ingenepa kama milimita 4. Ikilala bapa, karibu sentimita 4. Hivyo ndivyo vidole viwili alivyoniambia kwenye simu. Kumbe binti alikuwa ameshapima kwa vidole vyake, na namba ilikuwa inapiga kelele.

Namna ya kupima: funga uzi kutoka ncha moja ya boriti hadi nyingine, uvute vizuri, kisha pima kwa rula mwanya uliopo katikati. Pima tanki likiwa tupu, pima likijaa, andika kwenye daftari. Rudia baada ya wiki na baada ya mwezi.

Kwa nini urudie? Kwa sababu mbao chini ya mzigo wa kudumu inaendelea kunepa polepole, hata kama uzito haujaongezeka. Kwa miaka inaweza kufikia mara mbili ya kipimo cha siku ya kwanza, na mbao mbichi au iliyolowa inazidi hapo. Tanki ni mzigo wa kudumu. Ghala lililojaa mahindi miezi sita ni mzigo wa kudumu. Mtu aliyekaa kwenye benchi anainuka na kwenda zake, tanki haliinuki.

Ukiona mojawapo ya haya, fungulia maji kwanza, maswali baadaye:

- kunepa kunakozidi kipimo, au kunakoongezeka wiki hadi wiki;
- mlio wa kukwaruza au kupasuka, hasa usiku;
- ufa unaofuata nyuzi karibu na ncha ya boriti;
- nyuzi zinazofunguka upande wa chini katikati;
- tanki lililoinama upande mmoja.

Usiingie chini kuweka mhimili wakati tanki limejaa. Maji yatapatikana tena.

6. Makosa ninayokutana nayo mara kwa mara

*Kuunga boriti katikati ya nguzo mbili.* Katikati ndipo inapopindwa zaidi. Kama mbao haifiki, ungia juu ya nguzo.

*Kukata mdomo kwenye ncha.* Fundi anachonga upande wa chini wa ncha ili boriti ikae sawa. Kwenye ncha kuna nguvu nyingine, ya kukata, na pale kwenye kona ya mchongo ufa unaanza na kusafiri na nyuzi. Kama ni lazima usawazishe, weka kipande chini ya boriti fupi.

*Kifundo upande wa chini.* Pale tawi lilipoota, nyuzi zimekatika. Upande wa chini unavutwa, na nyuzi zilizokatika hazivutiki. Igeuze mbao, kifundo kikubwa kiangalie juu. Kama kiko katikati ya boriti na kimekula robo ya kimo, itumie mbao hiyo kwenye kazi nyingine.

*Kutoboa tundu la bomba katikati upande wa chini.* Ni sawa na kifundo ulichojiletea mwenyewe. Kama lazima utoboe, toboa tundu dogo katikati ya kimo, kwenye mstari tulivu.

*Kupandisha tanki juu kupita kiasi.* Kila mita moja ya kimo inakupa bari 0.1 tu ya presha. Mifumo mingi midogo ya matone ya mvutano inafanya kazi kwa mita 1 hadi 2. Ukienda mita 4 bila sababu umenunua hatari na nguzo ndefu. Kama kuna mwinuko shambani, weka tanki pale, msingi wa mawe na zege, usahau boriti kabisa.

*Kusahau mshazari.* Nguzo nne bila mbao za mshazari ni meza iliyolegea. Boriti zinaweza kuwa nzima na kichanja kikalala kwa upepo. Weka mshazari pande zote nne.

7. Na zege je?

Kwa wale wanaojenga ghala la matofali, ya boriti ya zege ni yale yale, ila zege lina tabia yake. Kubanwa linavumilia sana. Kuvutwa, linavumilia kama sehemu moja ya kumi tu ya hapo. Kwa kuwa upande wa chini wa boriti unavutwa, ndiko nondo zinakotakiwa kuwa. Nondo inavutwa, zege linabanwa, kila mmoja anafanya anachokiweza.

Lenta ya juu ya mlango ikiwa na nondo zilizoelea katikati ya kimo, umezika fedha kwenye mstari tulivu. Nondo kuu ziwe chini, zikiwa zimefunikwa na zege la kutosha zisipate kutu. Simama hapo fundi anapomwaga. Mara nyingi nondo hupangwa vizuri halafu zinakanyagwa wakati wa kumwaga.

Kinyume chake, sehemu inayotokeza nje ya ukuta, kama kibaraza cha kupakilia kisicho na nguzo mbele, inanepa kuelekea chini kwenye ncha, kwa hiyo inayovutwa ni sehemu ya juu. Pale nondo kuu zinakaa juu. Fundi akiziweka chini kwa mazoea, kibaraza kitaanguka, na kitaanguka mtu akiwa juu yake.

8. Orodha ya kubandika ukutani

1. Piga uzito wa kitu kikiwa kimejaa, siyo kitupu.
2. Fuata njia ya mzigo hadi ardhini, kila pete ipigiwe hesabu.
3. Kwenye mchoro andika: "isimame kwa ubavu". Usimwachie fundi akisie.
4. Fupisha umbali kati ya nguzo kabla ya kununua mbao nene.
5. Pima mbao kwa tepu.
6. Jaza tanki robo robo, ukipima kwa uzi kila hatua.
7. Hakuna bomba la kuchotea maji chini ya kichanja. Livute pembeni mita kadhaa.
8. Watoto wasicheze chini. Hili halina mjadala.

Na neno la mwisho la kitaalamu: hesabu hizi ni za kukuwezesha kuelewa na kumuuliza fundi maswali. Ukizidi lita 2,000, au ukizidi kimo cha mita 2, au kama chini kutakuwa na chumba cha kukaa watu, nenda kamuone mhandisi wa halmashauri akuangalizie mchoro. Mimi ni bwana shamba, na nimeshalipa ada ya kujifanya mhandisi mara moja.

Yule binti bado analima. Kichanja chake cha pili kina nguzo sita, boriti zimesimama kwa ubavu, na bomba la kuchotea liko mita tano pembeni. Nilipopita msimu uliopita alinionyesha uzi wa kijani aliouacha umefungwa kwenye boriti kama kipimo cha kudumu. Ulikuwa karibu unagusa mbao kuanzia ncha hadi ncha. "Bwana shamba," akaniambia, "siku hizi sipigi simu kuuliza. Naangalia uzi."

Leo jioni, kabla hujafungulia maji, nenda na uzi wako. Tukutane wiki ijayo, tutarudi kwenye kuoza kitako kwa nyanya.